Majina ya Kukatia

"Mpendwa Bega Chini," alisoma mwalimu mkuu mstaafu, amesimama mlangoni kwa Shangazi, simu ameinyoosha mbali na macho kwa urefu wa mkono mzima. "Tunahama. Usitupoteze." Akaishusha simu. "Bega Chini ndiye nani?"

Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni ana ruhusa ya kutojibu, na siku ile aliitumia ruhusa hiyo yote. Moshi, mpiga pasi wetu, aligeukia ukutani akaanza kunyoosha shati lililokuwa limeshanyooka. Mimi nilikuwa nyuma ya meza ya kukatia, kompyuta mbele yangu. Niliifungua barua ileile kama ilivyomfikia mtu wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Mpendwa Tumbo la Jana. Mpendwa Ongeza Vidole Viwili. Mpendwa Anayebana Pumzi. Orodha nzima ilikuwa hivyo, kila mtu na lake, na barua ilikuwa imeshatoka tangu asubuhi.

Siku hizi watu wenye biashara ndogo hunialika niwafundishe namna ya kukuza orodha ya wasomaji wa barua pepe. Hukaa na kalamu tayari, wakisubiri siri. Nawaeleza kuhusu kichwa cha barua, kuhusu kitufe kiwekwe wapi, kuhusu siku nzuri ya kutuma, na yote hayo ni kweli na yana faida. Lakini kila ninapoyasema, ninayemwona mbele yangu ni Shangazi na pini zake.

Nililelewa chini ya ile meza ya kukatia. Sisemi kwa mafumbo: baba yangu alipofariki na mama akaenda kutafuta kazi mbali, Shangazi alinitandikia blanketi chini ya meza, na nikajifunza kutembea nikishikilia miguu ya meza hiyo. Vipande vilivyoanguka kutoka kwenye mkasi wake vilikuwa ndivyo vitu vyangu vya kuchezea. Kwa hiyo jengo lilipouzwa na mwenye jengo mpya akatangaza kwamba pale patakuwa maegesho ya magari, sikuhitaji kuelezwa jambo lenyewe lina uzito gani.

Duka la Shangazi lilikuwa na dirisha kubwa la kioo linalotazama barabara. Dirisha hilo ndilo lililokuwa tangazo lake, kitabu chake cha simu, na mpiga debe wake. Mtu alipita, akaona gauni juu ya sanamu ya kuvalishia, akakumbuka kwamba ana harusi au mahojiano ya kazi, akaingia. Shangazi hakuwa na namba ya mtu hata mmoja. Ukimuuliza suti hii ni ya nani na anakuja lini, alisema, "Atakuja," na kweli mtu huyo alikuja. Sasa chumba pekee tulichokipata kilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vipuri vya magari, kikiwa na kidirisha kinachotazama tangi la maji. Huko hapiti mtu kwa bahati.

Na kulikuwa na kiwanda cha sare. Msimamizi wake alikuwa amekuja mwenyewe, mpole, akampa Shangazi nafasi ya kushona kola. Kola tu, kutwa nzima, zote za saizi moja. Shangazi alimshukuru. Yule bwana alipoondoka, Shangazi aliketi kwenye stuli yake akaitazama mikono yake kwa muda mrefu, na mimi nikaona kwamba anajizoesha lile wazo. Hapo ndipo nilipojifunga kibwebwe.

"Shangazi, tuwaandikishe watu," nilimwambia. "Kila anayeingia atuachie anwani yake ya barua pepe. Siku tukihama, tunawaambia wote kwa mpigo."

"Watu wote hao nitawaandikia saa ngapi?"

"Huandiki. Unaandika barua moja tu. Chombo cha kwenye kompyuta kinaituma kwa kila mtu na kuweka jina lake pale juu, aone kama umemwandikia yeye peke yake."

Alinitazama kwa jicho la pembeni. "Huo si uongo?"

Ofisi ya tiketi za safari niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nimerudi nyumbani na ujuzi huo mmoja tu: kuwaandikia barua watu wengi. Nikautumia wote. Niligundua kwamba hakuna mtu anayekupa anwani yake kwa sababu unaihitaji wewe. Anakupa kwa sababu anataka kitu. Basi nikamwomba Shangazi aniambie mambo anayoyajua kuhusu nguo, nikayapanga kwenye kurasa chache: namna ya kutoa doa la wino, kwa nini kola hupigwa pasi kuanzia pembeni, jinsi ya kuning'iniza suti isipate nundu mabegani. Atakayejiandikisha angetumiwa kurasa hizo bure. Niliandika kadi ndogo, nikaziweka kaunta, nikazitia kwenye mifuko ya suruali zilizokuwa tayari kuchukuliwa, nikazibandika kwenye kioo cha chumba cha kujaribia. Nilisimama nje ya dirisha letu jua kali likinichoma utosi, nikiwazuia wateja wetu waliopita. Moshi alisema ninanuka tamaa kuliko muuza bima, nami nikamwambia aendelee na pasi yake.

Kadi zangu ziliuliza kitu kimoja tu: anwani. Hilo nilijifunza ofisini, kwamba kila swali unaloongeza linakupotezea watu. Jina lingejazwa na sisi wenyewe.

"Majina niachie mimi," alisema Shangazi. "Hao wote nawajua."

Kweli aliwajua. Kila jioni kabla ya kufunga alivaa miwani, akachukua kadi za siku hiyo, akaketi mbele ya kompyuta yangu na kuandika kwa kidole kimoja, polepole, kwa furaha kabisa. Mimi nilikuwa nikitazama idadi ikipanda. Kila asubuhi ilikuwa imepanda, na nilikuwa na raha kama mtu aliyepanda mbegu na kuona kijani. Barua ya kuhama ilipokuwa tayari, niliijaribu kwanza kwa kujitumia mwenyewe, kama inavyotakiwa. Ikanifikia vizuri, na jina langu juu yake, kwa sababu langu nilikuwa nimelijaza mwenyewe.

Sasa ndipo niseme jambo ambalo mtu wa nje ya ushonaji hawezi kulijua. Shangazi hakuwa akiwakumbuka watu kwa majina. Ukutani kwake zilining'inia karatasi za vipimo, kila mteja na karatasi yake kwenye msumari wake, na pembeni mwa kila karatasi Shangazi aliandika kwa penseli neno la kumkumbusha jambo moja: mkasi uwe mwangalifu wapi. Bega Chini. Ongeza Vidole Viwili, kwa bwana mmoja ambaye huvuta tumbo ndani akiona tepu ya kupimia. Akina fulani na fulani walikuwa wengi mno mjini, alisema, lakini mwili haufanani na mwingine. Kwa hiyo chombo changu kilipomuuliza jina, alijibu alichokuwa akijibu ukutani miaka yote. Hakujua kwamba safari hii lingetoka nje.

Mwalimu mkuu mstaafu, nimsifu, alikuwa wa kwanza kucheka. Alikwenda kwenye kioo, akajitazama, akainua bega la kushoto, akaliachia likashuka. "Miaka yote hii," alisema. "Na mke wangu aliniambia ni shati." Wengine hawakucheka. Mama mmoja aliyeuza viatu ng'ambo ya barabara aliingia, akasema maneno ambayo sitayaandika, akatoka. Simu ya duka ililia mpaka Moshi akaifunika kwa taulo. Kwenye kompyuta niliona watu wakibonyeza kile kitufe cha chini kabisa, cha kujiondoa, mmoja baada ya mwingine. Kazi yetu yote ilikuwa ikivuja mbele ya macho yangu, na wiki ya kuhama ilikuwa ndiyo hiyo inayofuata.

Mchana akaja mkutubi.

Alikuwa mwanamke mtaratibu wa maktaba ya mjini, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunong'ona. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, akaondolewa ziwa moja. Hakuna aliyejua kazini kwake. Walijua watu wawili tu: daktari na fundi wake. Shangazi alimshonea kila blauzi na kimto kidogo cha pamba ndani ya bitana, akikipima na kukipunguza mpaka hata upepo usingeweza kuona tofauti. Alikuwa mmoja wa wale waliotuletea watu wengi. Asubuhi ile, kumbe, alikuwa amemwita mwenzake pale maktaba amwonyeshe barua yetu ili naye ajiandikishe. Mwenzake akaisoma kabla yake.

"Mpendwa Upande Mmoja," mkutubi alimwambia Shangazi, kwa sauti yake ileile ya chini. "Akaniuliza, upande mmoja wa nini. Nikamwambia ni utani wa dukani. Sijui kama ameamini."

Shangazi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha mkononi. "Mwanangu," alisema.

"Nipe blauzi yangu."

"Haijaisha. Upande wa ndani bado."

"Nipe hivyohivyo ilivyo."

Shangazi aliikunja ile blauzi kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko, akampa. Kimto chake kilikuwa bado mezani, kimeshashonwa, kinangoja kutiwa. Mkutubi hakukitazama. Kabla hajamaliza kuvuka barabara, nikaona anwani yake ikitoka kwenye orodha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na hasira pia, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

"Tutume barua ya kuomba radhi," nilisema. "Sasa hivi. Nitaandika 'Mpendwa Mteja' kwa wote, basi, yaishe."

"Mteja ni nani?" Shangazi aliuliza.

"Ni wote. Ndivyo watu wanavyoandika."

"Mimi sijawahi kumshonea mteja." Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanga iliyokuwa begani mwake, akaivaa tena. Nilitegemea machozi, lakini niliona uso wa mtu anayekitazama kitambaa kilichokatwa vibaya na kutafuta namna ya kukiokoa bila kununua kingine. "Andika ninavyosema. Usinisahihishe."

"Na pale juu tuweke nini? Lazima kuwe na jina."

"Weka langu."

Ndipo barua ya pili ikawa hivi. Ninayo mpaka leo, na nikiwafundisha watu huwasomea, ingawa haina hata moja ya mbinu ninazowafundisha.

*Ni mimi, fundi wenu. Leo asubuhi mmepata barua iliyowaita majina ambayo sikuyaandika ili mtu ayasome. Yale ni majina ya kukatia. Nikishika kitambaa chako sikumbuki unaitwa nani, nakumbuka mahali ambapo mkasi wangu unatakiwa kwenda taratibu. Kama nimekuita bega, maana yake bega lako nimelibeba mimi miaka yote, na hakuna aliyeona. Hiyo ndiyo kazi yangu, asionekane mtu ila nguo. Leo nimeiharibu mwenyewe kwa mikono yangu. Ukitaka kujiondoa, kitufe kiko chini, sitakuuliza. Ukitaka kunigombeza, tutakuwa ghorofa ya tatu nyuma ya maduka ya vipuri, mlango wa kijani, kuanzia Jumatatu. Ngazi ni nyingi, pumzika ya pili. Karatasi yako ya vipimo nahama nayo, uje usije.*

Nilitaka kuifupisha. Nilitaka kuweka kitufe kikubwa cha rangi. Nilimtazama, nikaituma kama ilivyo.

Kuna sehemu kwenye chombo kile inayokuonyesha nani amefungua barua na nani bado. Nilipomwonyesha Shangazi mara ya kwanza alikuwa amekataa kuiangalia; alisema kumchungulia mtu akisoma ni umbea. Alasiri ile alivuta stuli yake akaketi kando yangu, na tukachungulia pamoja. Walifungua. Kisha idadi ikaanza kufanya jambo ambalo sikulitegemea: wale waliofungua waliituma kwa wengine, na wale wengine wakaja kujiandikisha. Walikuwa watu ambao hatujawahi kuwaona. Mmoja alituandikia kuuliza kama anaweza kupewa jina kabla hata ya kupimwa. Mama wa viatu alirudi kwa mlango mwingine, kama tunavyosema: alijiandikisha upya, akaandika kwamba bado amekasirika na kwamba anahitaji sketi.

Jumatatu ile mwalimu mkuu mstaafu alipanda ngazi zote tatu ameibeba sanamu ya kuvalishia begani, lile la kulia, akipumzika ghorofa ya pili kama alivyoelekezwa. Nyuma yake walikuwapo watu. Sitatia chumvi, hawakuwa umati. Walijaa kwenye chumba kile kidogo na wachache wakabaki ngazini. Walikuja kuona fundi wao amehamia wapi, na wengine, nadhani, kuona wenzao wanaitwa nani. Wakaanza kutajiana. Anayebana Pumzi alijitambulisha kwa Tumbo la Jana, na Moshi alicheka mpaka akaunguza ubao wa pasi. Kabla ya wiki kwisha, yule msimamizi wa kiwanda alipiga simu, na Shangazi akamwambia kwa adabu zote kwamba kola zake ampe mtu mwingine.

Nilidhani tumeshinda. Wakati huo sikuwa nimeelewa kwamba mimi nilikuwa nikihesabu walioingia, na Shangazi alikuwa akimhesabu aliyetoka.

"Mrudishe yule binti wa maktaba," aliniambia.

"Haiwezekani, Shangazi. Mtu akijiondoa, chombo hakiniruhusu kumrudisha. Anwani yake ninayo, lakini nikimwandika tena kinakataa. Anarudi kwa mkono wake mwenyewe au harudi."

Alifikiri. "Basi kina adabu kuliko mimi," alisema.

Hakwenda maktaba. Nilimshauri aende, akasema kwamba fundi akikufuata kazini kwako, wenzako watauliza kwa nini. Alichokifanya ni kukitundika kile kimto cha pamba kwenye msumari mmoja na karatasi ya vipimo ya mkutubi, mahali anapokiona akiinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Pembeni mwa karatasi alifuta maneno yake ya penseli na hakuandika mengine. Kila tulipotuma barua mpya aliniuliza swali moja, nami nilimjibu neno moja, kisha tukaendelea na kazi.

Barua zenyewe zikawa zake kabisa. Kila mwezi aliniambia jambo moja nami nikaandika: vifungo, mapindo, kwa nini zipu hukwama. Watu walizipenda. Orodha ilikua mpaka nikalazimika kuhamia chombo kikubwa zaidi. Kisha ukafika mwezi mmoja akasema anataka kueleza bitana. Nilitegemea maelezo ya aina za vitambaa.

*Bitana ni upande wa nguo unaokujua,* alisema, na vidole vyangu vikapunguza mwendo juu ya herufi. *Wengine wote wanaona upande wa nje. Fundi mzuri hushona wa ndani kwa uangalifu uleule, hata kama hautaonekana milele. Fundi akiugeuza nje kwa uzembe, mwenye nguo ana haki ya kuivua na kwenda zake. Fundi anachoweza kufanya ni kuacha sindano ikiwa na uzi.*

"Hataiona, Shangazi," nilimwambia. "Hayumo kwenye orodha."

"Najua hayumo. Tuma."

Nilituma. Barua zetu zilikuwa zinapita mikono mingi wakati ule. Watu walizitumiana, walizichapa, walizibandika jikoni. Mwalimu mkuu mstaafu alisoma magazeti yake maktaba kila siku, na sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kuniambia. Siku zilipita kawaida. Mwezi uliofuata tulieleza mifuko.

Asubuhi moja, mvua ikipiga kwenye lile tangi nje ya kidirisha, simu yangu ilitoa mlio wake mdogo wa mtu mpya. Nilikuwa nimeshabadilisha kadi na ukurasa wetu wa kujiandikisha mtandaoni siku nyingi. Sasa viliuliza mambo mawili, ingawa ofisini walinifundisha nisiulize, na la pili lilikuwa *Fundi akuite nani?* Kila mtu alijijazia mwenyewe. Wengine waliandika majina yao, wengine upuuzi. Nilifungua kumwona aliyeingia. Anwani niliijua kabla sijaisoma yote.

Nilimpelekea Shangazi simu kwenye cherehani. Aliinyoosha mbali na macho, kisha akaisogeza, kisha akanirudishia nimsomee. Nikamsomea. Mkutubi alikuwa amejaza nafasi ya pili kwa maneno yaleyale mawili, kwa herufi kubwa mwanzoni: Upande Mmoja.

Shangazi alinyanyuka, akashika ukingo wa ile meza niliyokulia chini yake, akaenda ukutani. Alikishusha kile kimto kutoka msumarini, akakipuliza vumbi, akakiminyaminya kwa vidole kurudisha umbo lake. Kisha akakiweka mezani mbele yake na kuvaa miwani.

"Moshi," alisema, "washa pasi."